Viti Viwili vya Mzee Haule

Mwezi wa sita mwaka 1962 baridi ya Iringa ilikuwa baridi ya kweli. Alfajiri nyasi za uwanja wa misheni zilikuwa nyeupe, na sisi wavulana wa bweni tulikwenda misani tukiwa tumeficha viganja makwapani, viganja ambavyo padre alivitaka viwe vimekutanishwa kifuani. Tulikuwa zaidi ya mia moja, karibu sote Wahehe wa vijiji vya jirani, na katikati yetu alikuwamo Mngoni mmoja tu. Huyo ndiye Vitus Haule, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, mtoto wa fundi seremala aliyeletwa kutoka upande wa Songea kutengeneza mabenchi ya kanisa. Fundi alimaliza mabenchi akapewa milango, akamaliza milango akapewa madirisha. Na kwa sababu hiyo mwanawe alikulia mikononi mwetu, yaani mikononi mwa watani wake.

Msomaji asiyeufahamu utani wa Wahehe na Wangoni na aelezwe kwa kifupi. Babu zetu walipigana vita virefu, wakachoshana bila mmoja kummaliza mwenzake, na mwishowe wakaona ni nafuu kutukanana kuliko kuuana. Tangu siku hizo Mngoni anaweza kumwambia Mhehe neno lolote mbele ya watu, na Mhehe akikasirika, basi ameshindwa. Mhehe naye ana haki iyo hiyo. Vitus aliitumia haki yake kuanzia siku ya kwanza bwenini, alipotazama vitanda vyetu na kuuliza ni kipi kati ya hivyo ambacho Wahehe hujifichia chini yake.

Kila Jumapili alasiri Padre Severino, Mwitaliano mwenye ndevu nyekundu, alitupa hotuba ya elimu. Alikuwa na mashine ya kuonyesha picha za kioo, na ili giza lipatikane madirisha yalifunikwa kwa mablanketi yetu wenyewe, jambo lililotufanya tuisikilize elimu huku tukitetemeka. Jumapili moja alitueleza habari za mlima wa moto wa kwao: jinsi ulivyolipuka, jinsi majivu yalivyofukia mji, jinsi mbwa mmoja alivyokutwa amekauka kama jiwe. Alipomaliza alisema, kama ilivyokuwa desturi yake, “Kuna swali?”

Sote tulifahamu kwamba hilo halikuwa swali. Ilikuwa ishara ya kusimama kwa sala ya kufunga. Tukasimama. Vitus, ambaye alikuwa mgeni wa desturi hiyo, alinyoosha mkono.

“Padre, siku mlima ulipowaka, wewe ulikuwa umesimama wapi?”

Mablanketi yalitikisika kwa vicheko. Padre alimtazama kijana yule, akafunga mashine yake, akatoka bila kusali. Kiranja mkuu alimwadhibu Vitus kulima matuta sita ya vitunguu, kosa lake likiwa ni dharau. Siku ya tatu ya adhabu, padre alikwenda mwenyewe bustanini, akasimama pembeni ya tuta la nne.

“Vitus,” akasema, “sikuwapo. Mji ule ulifukiwa zamani sana, nami kwetu ni kaskazini, mbali na mlima. Nilisoma kitabuni.”

“Basi padre ungesema hivyo tangu mwanzo,” akajibu Vitus, “nami ningekusikiliza vizuri zaidi.”

Padre Severino alichukua jembe la pili, akalima nusu ya tuta lile akiwa amevaa kanzu yake nyeupe. Toka Jumapili iliyofuata alianza kila hotuba kwa kutueleza mahali aliposimama, na kama hakusimama popote alikiri. Hotuba zake zikawa fupi zaidi, na nzuri zaidi.

Baada ya darasa la nane Vitus hakuendelea na shule. Alipitia kazi za mashamba ya miti ya miwati huko Njombe, akajifunza kuendesha mashine, na kiwanda cha karatasi kilipoanza Mgololo alikuwa miongoni mwa watu wa awali kuajiriwa. Huko alikaa miaka mingi. Kazi yake kubwa ilikuwa kushika kipande cha karatasi mbele ya mwanga na kusema kama kinafaa au hakifai. Alizoea kusema kwamba karatasi ni kiumbe mpole kupita wote: “Ukiiandikia ukweli inanyamaza, ukiiandikia uongo inanyamaza vilevile. Nimezitengeneza, nazijua tabia zao.”

Akaoa Mhehe. Binti huyo aliitwa Matilda, mwenye kucheka kwa sauti ya chini, na ndugu zake waliposikia kwamba mchumba ni Mngoni walimpa sharti la kuja kuposa akiwa amebeba ngao, ili irudishwe ile waliyodai babu zake waliiba. Vitus alikwenda na mfuniko wa sufuria. Alikubaliwa.

Alipostaafu, wakajenga Kihesa, nyumba ndogo yenye baraza inayotazama miamba. Matilda aliuza mboga karibu na geti la chuo kimoja kikuu cha hapa mjini, na chuoni humo kulikuwa na Taasisi ya Insia, ambayo ni nyumba ya watu wa historia, lugha, falsafa, dini na sanaa. Kila Alhamisi saa nane mchana taasisi hiyo ilikuwa na mhadhara wa wazi. Tangazo lilibandikwa ukutani juu ya meza ya Matilda, na kwa muda wa miezi miwili alilisoma kila siku akifunga mafungu ya mchicha. Elimu yake iliishia darasa la nne, kwa kuwa kaka zake walikuwa wengi na ada ilikuwa moja. Alhamisi moja alifunika mboga kwa gunia, akamwendea mumewe.

“Baba Frida, pale wameandika ‘Wote mnakaribishwa.’ Mimi ni nani, kama si wote?”

Wakaenda. Wakakaa safu ya mbele, upande wa kulia, kwa sababu Matilda alikuwa na tatizo la sikio la kulia. Mada ilikuwa njaa katika historia. Msomi alizungumza kwa saa nzima, akionyesha michoro mingi, na mwishoni akakaribisha maswali. Mzee mmoja mwenye koti la rangi ya udongo alisimama.

“Nashukuru, Profesa. Mwaka ule wa njaa unaousema, wewe ulikuwa umesimama wapi?”

Huo ukawa mwanzo wa miaka minane ya Alhamisi. Wahadhiri waligawanyika. Wapo waliomwogopa, na inasemekana mmoja alibadilisha siku ya mhadhara wake akidai ana safari ya Makongolosi, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba ana shughuli napo. Wengine walimpenda, wakawa wanaanza kwa kusema, “Kabla Mzee Haule hajauliza, nikiri kwamba nilikuwa sijazaliwa.” Nami nilikuwa nakaa safu ya nyuma karibu na dirisha, kwa ajili ya jua. Nashuhudia kwamba swali lile moja liliwanyoosha wasomi kuliko kamati zote za chuo.

Walimpenda zaidi walimu watatu wa kozi mseto, yaani kozi moja iliyofundishwa kwa pamoja na watu wa fani mbalimbali. Iliitwa “Kifo, Kumbukumbu na Jamii”, na walimu wake walikuwa mwanahistoria, mwanafalsafa na mkufunzi wa wauguzi. Hao hawakuwahi kukubaliana. Ikitajwa habari ya kuosha maiti, mwanahistoria alitaka kujua imeanza mwaka gani, muuguzi alitaka kujua kama mikono ilivaa glavu, na mwanafalsafa alitaka kwanza tuelewane mkono ni kitu gani. Matilda alisema kozi hiyo ilifanana na kikao cha harusi, isipokuwa mwishoni hapakuwa na pilau.

Matilda alifariki katika msimu wa mvua, miaka mitano iliyopita, kwa ugonjwa wa moyo. Tulimzika kijijini kwao. Jeneza lilipofikishwa kaburini, dada yake Vitus aitwaye Faustina, Mngoni mnene wa miaka sabini, aliyekuwa amekuja na basi usiku kucha, alivua kandambili zake, akashuka kaburini, akalala chali.

“Hapa pamejaa,” akasema kutoka chini. “Mpelekeni Mhehe wenu kwingine.”

Hiyo ndiyo haki ya mtani. Akilala kaburini hatolewi kwa nguvu, wala hakemewi, hata na padre. Hutoka kwa hiari yake mwenyewe baada ya wafiwa kumpa anachokitaka. Ndugu wa marehemu walitoa kuku. Faustina akasema kuku huyo amekonda kama Wahehe walivyo, akadai jogoo. Jogoo akaletwa, naye Faustina akapanda juu akijipangusa udongo, na hapo ndipo alipolia. Vitus, aliyekuwa hajatamka neno kwa siku mbili, alicheka mpaka akakaa chini. Niliona watu wakimtazama kwa faraja kubwa, maana mfiwa aliyecheka hawezi kujifia.

Alhamisi ya tatu baada ya mazishi alirudi ukumbini. Alikaa kwenye kiti chake, akavua kofia yake ya sufu, akaiweka juu ya kiti cha kulia, kile alichokuwa akikalia Matilda. Toka siku hiyo hakuna aliyekaa hapo. Wanafunzi wapya waliambiwa na wa zamani, na wa zamani hawakuhitaji kuambiwa na mtu.

Mwaka jana taasisi ilipata mkurugenzi mpya, Dakta Eveline Kalinga, Mhehe, mwanamke mwenye akili nyingi na miwani ndogo. Hakuwa na ubaya wowote. Tatizo lake lilikuwa kamati ya tathmini. Makao makuu ya chuo yalitaka kujua kama mihadhara ya wazi na kozi mseto vinawafikia walengwa, na kama havifiki vifutwe. Ili kuthibitisha, Dakta Kalinga akaagiza kila msikilizaji ajisajili kwanza kwa simu, ajaze fani yake na kiwango chake cha elimu. Mlangoni akawekwa Shedrack, mlinzi, Mhehe wa Kilolo, na orodha mkononi.

Vitus alifika na simu yake ya tochi. Frida, binti yake aliyekuwa akifanya kazi Mbeya, alikuwa amejaribu kumsajili kwa simu yake mwenyewe, lakini fomu ilitoa nafasi tatu tu za elimu: shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu.

“Shikamoo, Mzee Haule.”

“Marahaba, mtani. Pisha.”

“Mzee, jina lako halimo.”

“Tazama vizuri. Ninyi Wahehe kusoma mlianza juzi.”

“Nimetazama mara mbili, mzee wangu. Wala la kofia halimo.” Shedrack aliinamisha macho. “Nisamehe. Nimeambiwa nisipitishe mtu.”

Vitus alisimama pale mlangoni muda wote wa mhadhara, saa moja na nusu, akisikia sauti bila kuyasikia maneno. Kupitia upenyo aliviona viti viwili vya safu ya mbele. Vyote viwili vilikuwa vimekaliwa na vijana wenye shahada, na mmoja wao alikuwa amelala usingizi.

Nilimtembelea Ijumaa. Nilimkuta barazani kwake akiwa ameshika tangazo la mhadhara wa Alhamisi inayofuata, amelielekeza kwenye jua kama alivyofanya Mgololo.

“Karatasi ni nzuri,” akasema. “Sikiliza maandishi yake. ‘Utani Msibani: Nadharia na Mwelekeo Mpya.’ Mhadhiri ni Dakta Brayson Mwaisaka, kutoka Mbeya. Na kamati ya tathmini itakuwepo.”

“Basi Vitus, tuandike barua kwa mkurugenzi. Nitakusaidia.”

“Barua!” Alinitazama kwa huruma ambayo Wangoni huwawekea Wahehe. “Nilitengeneza karatasi miaka ishirini, leo niamini barua? Mwambie Mhehe mwenzako Eveline Kalinga ajiandae. Ana msiba, na hajui.”

Alhamisi, saa nane kasoro robo, nilipofika ukumbini nilikuta watu wamejaa nje. Vitus Haule, miaka sabini na minne, alikuwa amelala chali katikati ya mlango. Kichwa chake kilikuwa ndani ya ukumbi na miguu yake nje. Alikuwa amevua viatu akavipanga vizuri pembeni, na kofia ilikuwa juu ya kifua chake. Upande wa kichwani alikaa Faustina, aliyesafirishwa tena kwa basi, akilia kilio cha msiba bila chozi hata moja.

Dakta Kalinga alikuja mbio, karatasi mkononi.

“Mzee Haule! Umeanguka?”

“Sijaanguka. Nimelala.”

“Inuka basi, tafadhali. Wageni wako getini.”

“Siinuki, kuna maiti humu ndani.”

“Maiti gani?”

“Mhadhara wa wazi. Ulifariki Alhamisi iliyopita saa nane mchana, mikononi mwa Shedrack huyu. Sisi watani tumekuja kuuzika. Kaburi nimelipima kwa mgongo wangu, limenitosha.”

“Kijana mzuri ulikuwa!” akalia Faustina. “Tena ulikuwa bado na maswali!”

Wanafunzi walikuwa wameanza kuinua simu zao. Dakta Kalinga alimgeukia mlinzi. “Shedrack, msaidie mzee asimame.”

Shedrack alirudi nyuma hatua mbili. “Daktari, niagize jambo jingine lolote. Mtani akishalala kaburini mimi nitamgusaje? Mama yangu yu hai, yuko Kilolo. Nikimgusa nitarudi kwetu kwa njia ipi?”

“Hili si kaburi, ni mlango!”

“Wewe ndiye uliyeufanya kaburi,” akasema Vitus kwa upole, akitazama dari. “Lakini siwashangai. Wahehe hamkuanza leo kuogopa watu mlangoni. Ile ngao ya babu yako, aliyoitupa alipotuona tunakuja, dada yangu bado anafunikia chungu cha maharage.”

“Inafunika vizuri,” akathibitisha Faustina. “Ina tundu dogo tu, pale alipoitobolea akimbie huku anachungulia.”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Dakta Kalinga alikuwa na kanuni mkononi, kamati getini, na uwezo wa kuita walinzi wengine ambao si Wahehe. Kama angewaita, Vitus asingepita tena katika mlango ule mpaka kufa kwake, naye alilijua hilo alipokuwa akilala. Kisha mkurugenzi akavua miwani, akaipangusa.

“Ngao ile,” akasema polepole, “tuliwaachia kwa huruma. Babu yangu alipofika kwenu aliona vyungu vyote viko wazi, nzi wanaingia. Akasema, masikini, hawa hawajui hata kifuniko.”

Kelele iliyopanda hapo ilisikika mpaka barabarani. Faustina alipiga kofi ardhini kwa furaha. Baada ya jibu lile Dakta Kalinga asingeweza tena kurudi kwenye kanuni, maana aliyekwisha kujibu utani amekiri kwamba ana mtani, na aliyekiri hana budi kutoa.

“Haya, mtani, unataka nini? Kuku?”

“Kuku wa nini, meno yenyewe yamekwisha. Nataka viti viwili. Safu ya mbele, upande wa kulia. Bila simu, bila fomu.”

“Kimoja chako. Cha pili cha Bibi Faustina?”

“Huyu anarudi Songea kesho. Cha pili ni cha Mhehe mwenzako.”

Mkurugenzi alitazama huku na huku kumtafuta Mhehe huyo. Shedrack alimsogelea, akamnong’oneza. Yeye alitazama ile kofia ya sufu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Wakati huohuo kamati ya tathmini ilikuwa imefika, watu watano, na mbele yao Profesa Kemilembe, aliyezaliwa mbali kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako Mhehe na Mngoni ni majina ya kwenye ramani. Alisimama mbele ya miguu mitupu ya Vitus, akaitazama, akatazama tangazo lililobandikwa ukutani, akatazama simu zilizoinuliwa na umati uliofurika. Uso wake ukang’aa.

“Mkurugenzi, hongera!” akasema. “Mafunzo kwa vitendo! Hivi ndivyo tulivyokuwa tunawaambia wenzenu wafanye. Na wasikilizaji wote hawa! Huyu mzee ni mwigizaji, au ni mhadhiri wa muda?”

Dakta Kalinga alifungua kinywa ili aseme kweli. Namshuhudia kwamba alikifungua. Lakini sauti iliyotoka ilitoka sakafuni.

“Karibu, Profesa. Hili ni somo la kwanza, nalo linahusu mlango. Somo la pili liko ndani, nikishainuliwa.”

Dakta Brayson Mwaisaka, mgeni wa Mbeya, alikuwa amepiga magoti pembeni muda wote akiandika kwa kasi katika daftari. Vitus aligeuza kichwa.

“Nawe unayeandika, kijana wa Mbeya. Hiyo nadharia yako ya utani msibani: ulipoiandika ulikuwa umesimama wapi?”

Dakta Mwaisaka alifunga daftari. “Maktaba, mzee. Sikuwahi kumwona mtani kaburini mpaka leo.”

“Na sasa?”

“Sasa nimepiga magoti mlangoni.”

“Basi inatosha kuanzia,” akasema Vitus, akampa mkono amwinue.

Mhadhara ulichelewa dakika hamsini, ambazo kwa kawaida ndizo zinazotumika kuwatambulisha wageni. Hivyo utambulisho ukaachwa, na hakuna aliyelalamika. Dakta Mwaisaka hakuonyesha michoro yake. Aliweka kiti katikati, akamkalisha Faustina, akamwuliza maswali kuhusu makaburi aliyowahi kulalia. Yalikuwa kumi na manne. Mwanahistoria alitaka miaka, muuguzi alitaka kujua kama alioga baadaye, na mwanafalsafa kwa mara ya kwanza aliandika bila kuuliza kitu. Vitus alikaa safu ya mbele, kofia kuliani kwake.

Ripoti ya kamati ilisema mihadhara na kozi mseto viendelee, na ikapendekeza kwamba “onyesho la mlangoni” lifanyike kila mwaka. Ndivyo mzee yule aliyetaka kiti tu alivyojikuta na wajibu. Tena ilibidi aingizwe katika mfumo wa kompyuta, na mfumo haukuwa na nafasi ya mtu asiyekuwa mwanafunzi, mtumishi wala mwenye shahada. Wakatafuta siku mbili. Alhamisi iliyofuata Shedrack alimpokea kwa saluti.

“Mzee, sasa umo! Umeandikwa kwenye vifaa vya kufundishia. Ubao mweupe, kipaza sauti, Mzee Haule.”

“Nimetangulia au nimefuata projekta?”

“Umeitangulia.”

“Hapo sina neno,” akasema Vitus, akapita.

Mwezi wa tatu mwaka huu Dakta Mwaisaka alimwalika Mbeya akatoe mhadhara yeye mwenyewe. Alikwenda akalala kwa Frida, akavaa koti lake lilelile. Utambulisho wa wageni huko ulitimizwa wote, akabakiwa na dakika saba. Alizitumia kueleza habari za Padre Severino na tuta la nne la vitunguu. Kisha akauliza kama kuna swali, na ukumbi wote ukasimama, ukidhani ni mwisho. Inasemekana alicheka sana. Akawakalisha, akasema kwa kuwa hakuna wa kuuliza atajiuliza mwenyewe: “Haule, siku mhadhara wa wazi ulipokufa kule Iringa, wewe ulikuwa umesimama wapi?” Akajijibu: “Sikusimama popote. Nilikuwa nimelala.” Akashuka jukwaani.

Hayo ya Mbeya niliambiwa tu na Frida, sikuwapo. Haya ya mwisho nilikuwapo, nimekaa safu ya nyuma karibu na dirisha.

Ilikuwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita, baridi kali. Mada ilikuwa bei ya chumvi kabla ya wakoloni. Ukumbi ulijaa mpaka ukutani. Saa nane na dakika kumi aliingia mwanamke anayeitwa Tupokigwe, Mnyakyusa aliyekuwa ameirithi ile meza ya mboga iliyo chini ya tangazo, kanga yake ikiwa bado na maji ya mchicha. Fomu ya simu ilikuwa haijafutwa. Shedrack alimwachia apite akajifanya anakohoa. Tupokigwe alitafuta mahali, hakupaona, akageuka atoke.

Vitus alimwita kwa mkono. Aliinua kofia kutoka kwenye kiti cha kulia, akakipangusa kiti kwa kiganja, akasema, “Kaa, mama.” Mwanamke akakaa. Vitus akaivaa kofia kichwani, humo humo ukumbini, akamgeukia mhadhiri.